Sindano ya pafu kwa baba: mpelekeni, ila mjiandae

Dada wa Wete, nimekufahamu: skani imeonesha doa kwenye pafu la baba, daktari ataka kumchoma sindano achukue kinyama cha kupima, na jirani kakwambieni uvimbe ukiguswa "huamka". Mamangu alipofanyiwa tuliambiwa yale yale. Uwezekano wa sindano kusambaza saratani ni mdogo mno, na bila kinyama ni vigumu kujua kama ni saratani au kifua kikuu. Kwenye picha huweza kufanana.

Atatiwa ganzi kifuani, kisha daktari ataiongoza sindano kwa picha za skani. Ataambiwa azuie pumzi. Kikohozi kikimshika aseme mapema.

Aspirini, warfarini (zazuia damu kuganda), dawa zote zitajeni kwa daktari. Msizikatishe wenyewe.

La kuogopa hasa ni hewa kuvuja nje ya pafu. Mara nyingi hwisha yenyewe, wengine hutiwa mpira kifuani wa kuitoa hewa hiyo. Basi msikimbilie boti ya Pemba siku ile ile, na ndege ndiyo kabisa, mpaka daktari aruhusu. Michirizi ya damu kwenye makohozi hutokea. Akibanwa pumzi, kifua kikimchoma ghafla au damu ikizidi, hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.