Shimba Hills: jinsi ya kuwaona ndovu ndani ya msitu

Umeuliza kama Shimba Hills, hifadhi ya wanyama kule Kwale, pwani ya Kenya, inafaa kwenda, maana kuna wanaotoka huko wakidai ni miti mitupu. Ndovu wapo. Mwaka 2005 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilihamisha takriban 150 hadi hifadhi ya Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi, na hawakuisha. Wanaokosa kuwaona ni wale wanaoingia saa tano na kuzunguka mbio. Jua likipanda ndovu hujificha kivulini, na kichaka cha huku kinaweza kumficha aliye karibu kabisa na barabara.

Ingia lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi, au subiri alasiri kuanzia saa tisa. Kiingilio lipia kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kabla ya kufika. Mvua ikinyesha barabara za murram, zisizo na lami, zinateleza vibaya, kwa hiyo chukua gari la 4x4. Usivae buluu wala nyeusi: mbung'o wanazifuata rangi hizo, na wanauma kupitia shati jepesi.

Ukiwa ndani, endesha polepole kwenye kingo, pale msitu unapokutana na nyasi. Ukiona kinyesi kibichi kinachong'aa, au matawi yaliyovunjwa yenye majani ambayo hayajanyauka, zima injini na ushushe vioo. Sikiliza matawi yakikatika. Kaa hapo nusu saa nzima; wengi huondoka baada ya dakika tano, na hapo ndipo wanapokosea. Ukingoja unaweza pia kubahatika kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu, ambaye Kenya nzima amebaki huku tu.

Ndovu akitokea karibu, usizibe njia yake, na usijiweke kati ya mama na mtoto. Akitanua masikio, akitikisa kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anakutisha tu. Rudi nyuma taratibu bila honi. Akikunja mkonga chini ya kifua, masikio yamelala nyuma, na anakuja kimya, hatanii. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, huku akidondosha mkojo, mpishe mapema hata kama ametulia. Kwa hiyo kila unaposimama, acha nafasi ya kuondokea. Barabara za msituni ni nyembamba na kugeuza gari si kazi ya sekunde mbili.

Maporomoko ya Sheldrick, yenye zaidi ya mita 20, huendewa kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakochosha, basi beba maji.

Kama lengo lako ni ndovu tu, nenda Mwaluganje, upande wa kaskazini, hifadhi ya wanajamii wa Kiduruma na Kidigo waliotoa mashamba yao miaka ya 1990. Ndovu hupita kati yake na Shimba Hills. Kule ni kukavu, kuna mibuyu na uwazi zaidi, na wakati wa kiangazi huwa wanashuka mto Manolo kunywa maji. Uliza kwanza hali ya barabara, maana ni mbovu kuliko ya Shimba.