Jibu: Kichwa cha shaba kwa kulungu wa California

Ndugu, umeuliza iwapo kichwa cha risasi cha shaba kitafaa kwa kulungu wa California, ambako tangu Julai 2019 ni marufuku kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi. Kitafaa, lakini ningechagua chepesi kidogo kuliko ulichozoea, kwa sababu shaba ni ngumu kuliko madini ya risasi na huhitaji kasi kubwa ili ipanuke mwilini na kumwua mnyama upesi, bila mateso. Kwa bunduki yako ya .308 (kipenyo cha risasi yake kwa inchi), uzito wa greni 150, yaani karibu gramu 9.7, watosha kabisa. Unapojaza baruti mwenyewe, anza na kipimo cha chini alichotoa mtengenezaji kwa kichwa hichohicho, kwani cha shaba huwa kirefu na hupunguza nafasi ya baruti ndani ya ganda la risasi. Nakusihi pia usifyatue kwa umbali ambao hujathibitisha shabaha yako.