Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujapanda Boti Kwenda Kisiwani

Barua za miezi hii zimetawaliwa na likizo za visiwani. Tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo wenye hoteli hawayaweki kwenye matangazo, na tumezifupisha.

Tumelipia siku saba hoteli ya ufukweni. Kwenye picha bahari iko mlangoni kabisa. Rafiki yetu aliyewahi kufika anasema mchana hakuna pa kuogelea, ni mchanga mtupu na majani ya bahari. Je, tumetapeliwa?

Hapana ndugu zetu. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa, na rafiki yenu alifika yakiwa yamepwa. Wote wawili wamesema kweli.

Pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kama 12, kwa hiyo kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Yakipwa leo saa 4 asubuhi, kesho ni karibu saa 4:50, na baada ya wiki moja saa ileile ya nne mtayakuta yamejaa. Maana yake likizo ya siku saba haiwezi kuwa na ratiba moja ya kuogelea. Siku za mwanzo mtaogelea alfajiri na alasiri, siku za mwisho katikati ya asubuhi.

Angalieni pia mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na ufuo wenye mteremko mdogo unaweza kukauka mamia ya mita. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na hizo ndizo siku za kuogelea karibu muda wote. Kuna jambo jingine wageni wengi hawalijui: mahali pamoja, bamvua hupwa karibu saa zilezile kila mara. Waulizeni wenyeji, "Bamvua hapa hupwa saa ngapi?" Wakisema saa sita mchana, basi kila bamvua, mwezi wowote, mchana wake utakuwa mkavu.

Haya hayawi sawa duniani kote. Visiwa vingi vya Karibea maji yake hupanda na kushuka chini ya nusu mita, hata mgeni asitambue. Tahiti ni ya ajabu zaidi, kwani huko bahari hufuata jua kuliko mwezi, hujaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku siku zote. Kwa hiyo kabla ya kulipa tafuteni jedwali la maji la kisiwa chenyewe, si la bandari ya mbali.

Watoto wangu wa miaka minane na kumi na mmoja wanataka kutembea hadi kwenye mwamba maji yakipwa. Ni salama?

Ni salama, mama, mradi mrudi kwa saa na si kwa macho. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha kujaa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti ni mita 3. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 25 tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mwisho wa saa ya pili ni sentimita 75. Mwisho wa saa ya tatu ni mita moja na nusu, na hicho ni kimo kinachomfunika mtoto wa miaka minane.

Tena maji hayaji kutoka mbele yenu peke yake. Mara nyingi kati ya mwamba na ufuo kuna bonde, na hilo hujaa kwanza. Mnaweza kuwa mmesimama juu ya jiwe kavu huku njia ya kurudi imeshafika kiunoni. Ondokeni ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakifika mwisho wa kupwa muwe tayari mmegeuka.

Kaeni mbali na mlango wa mwamba, ule upenyo ambao boti hupitia. Maji yakianza kupwa, yote yaliyo ndani hutokea hapo, na mkondo wake humshinda hata muogeleaji hodari. Kwa mbali utauona: mawimbi yanavunjika kushoto na kulia, katikati maji ni meusi na yametulia. Mtu akichukuliwa asishindane nao. Aelee, ainue mkono kuomba msaada, na kama ana nguvu aogelee kwenda ubavuni hadi atoke kwenye mkondo.

Miguuni vaeni raba za zamani zenye soli ngumu, kandambili hazifai. Pitieni kwenye mchanga, msikanyage matumbawe: ni viumbe hai, na kipande kinachovunjika kwa hatua moja huchukua miaka kuota tena. Katika mashimo ya mwamba hukaa wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi kama sindano. Mtoto akichomwa, lowekeni mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto lake lipimwe kwanza na mtu mzima kwa mkono, maana mguu wenye maumivu haupimi vizuri na unaweza kuungua. Mwiba uliochomoza utoeni kwa kibanio, mkiuvuta kuelekea ulikotoka. Msiuponde kwa jiwe wala chupa, utavunjika vipande ndani ya nyama. Alama nyeusi ikifutika ndani ya siku mbili, ilikuwa rangi tu. Ikibaki na kuuma, au mwiba ukiwa kwenye kiungo, nendeni kwa daktari.

Nasikia maji ya bafuni visiwani huwa na chumvi. Ni uchafu?

Si uchafu. Kisiwa kidogo hakina mto, na maji ya mvua huzama ardhini na kuelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kwa kila sentimita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari, takriban sentimita 40 ziko chini yake. Hesabu hiyo hufanya kazi kinyume pia: pampu ikishusha maji ya kisima sentimita 10, maji ya chumvi hupanda kutoka chini karibu mita 4. Ndiyo maana msimu wa wageni wengi, ambao mara nyingi ndio wa kiangazi, bomba huanza kuwa na chumvi. Oga kwa muda mfupi, funga maji unapojipaka sabuni. Maji hayo ni ya watu wanaobaki baada yako.

Ya kunywa yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Ukiharisha, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto.

Losheni ya jua na dawa ya mbu, ipi ianze?

Ya jua kwanza, iache ikauke, kisha ya mbu. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji kama mililita 30. Wengi hupaka robo yake kisha hulaumu chupa. Rudia kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Soma pia kilichomo: Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilizuia losheni zenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia 2020, na Hawaii ikapiga marufuku uuzaji wa zenye oxybenzone na octinoxate kuanzia 2021. Zenye oksidi ya zinki hazimo katika makatazo hayo. Fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko zote.

Mbu wa dengi huuma mchana, wa malaria usiku. Neti peke yake haitoshi.

Ndege yetu ya kurudi inaruka Jumatatu saa 4 asubuhi, boti ya kutoka kisiwani ni siku hiyohiyo saa 1. Kaka yangu anataka kuzamia kwa mtungi Jumapili jioni.

Badilisheni yote mawili. Boti huahirishwa kwa upepo, na nahodha anayekataa kuondoka anawafanyia wema. Vukeni Jumapili, mlale upande wa uwanja wa ndege.

Kaka naye azamie mwisho Jumamosi. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda kutoka, la sivyo hutoa mapovu kwenye damu na viungo ndege ikipanda. Kwa mzamio mmoja wa kawaida asubiri angalau saa 12, kwa mizamio ya siku kadhaa saa 18.

Anayetapika baharini akae katikati ya boti, chini, atazame upeo wa macho na si simu. Kidonge kinywewe saa moja kabla, si baada ya kuanza kutapika. Na kabla boti haijang'oa nanga, kila mmoja awe amevaa jaketi la kuokolea lililofungwa vifungo vyote. La mtoto liwe la kipimo chake, ukiliinua mabegani lisimvuke masikio.