Mtoto anayejumlisha kila aonapo neno "zaidi"

Ndugu mzazi, umeeleza kwamba binti yako wa darasa la pili hakosei akipewa namba tupu, lakini kwenye mafumbo ya hesabu huzikamata namba mbili na kuzijumlisha tu. Naamini shida yake si hesabu bali kusoma, kwani wengi hukaririshwa kwamba "zaidi" maana yake ni kujumlisha. Chukua fumbo hili: Asha ana maembe 8, ambayo ni 3 zaidi ya maembe ya Juma, Juma ana mangapi? Anayefuata neno hujibu 11, ilhali jibu ni 5.

Kwanza asimulie habari hiyo kwa maneno yake bila kutaja namba, kisha umuulize nani ana maembe mengi. Halafu apange vizibo vya soda 8 vya Asha kwenye mstari, na chini yake vya Juma, kimoja kwa kimoja, hadi vitatu vya Asha vibaki bila mwenzake. Tafadhali usimnyang'anye vizibo mapema. Mafumbo mawili kwa jioni yanatosha, na la tatu alitunge mwenyewe kutokana na chapati za nyumbani au nauli ya daladala.