Dakika tatu na siku ya mshahara

Ndugu wahariri,

Swali lenu la juma hili linauliza muziki wa pop ulizaliwa wapi, na umebadilisha nini katika maisha ya watu. Kwa sisi tulio Lubumbashi jibu ni hili: pop haikuzaliwa mahali pamoja. Huzaliwa popote penye vitu viwili, yaani mashine inayoweza kuuza wimbo kama inavyouzwa sabuni, na umati wa watu wasiojuana wenye mshahara mfukoni. Katanga, jimbo letu la shaba kusini mwa Kongo, ilikuwa na vyote viwili mapema sana. Kwa hiyo haifai kuwekwa mkiani, kati ya waliopokea muziki wa wengine. Iwekwe kwenye chemchemi.

Nianze na mashine, maana ndiyo iliyoweka kipimo. Santuri ya zamani, ile nyeusi na nzito inayovunjika kama chungu, ina upana wa sentimita 25 na huzunguka mara 78 kwa dakika. Mfereji wa sauti unaanza karibu sentimita 12 kutoka katikati na unakoma karibu sentimita 5. Zinabaki sentimita 7 za kuandikia wimbo. Fundi akipanga mizunguko 36 hivi katika kila sentimita, jumla ni 252. Gawanya kwa 78: ni dakika 3 na sekunde 14. Urefu wa wimbo wa pop ulitoka hapo. Hakuna mtunzi aliyekaa akauchagua.

Mtu atauliza kwa nini mifereji isibanwe zaidi ili wimbo urefuke. Tatizo ni besi. Sauti nzito huuyumbisha mfereji huku na huku, na mifereji miwili ikikaribiana mno, mmoja huula ukuta wa mwenzake. Sindano ikifika hapo inaruka. Kuna na tatizo la pili. Ukingoni mwa santuri, sindano hupitiwa na karibu sentimita 98 za mfereji kila sekunde, lakini karibu na katikati ni 41 tu. Mawimbi ya sauti nyembamba yanasongamana na kufifia. Ndiyo maana katika santuri nyingi beti za mwisho husikika zimefunikwa kidogo, hata mwimbaji akiwa ameimba vizuri mpaka neno la mwisho.

Kabla ya 1925 mwimbaji alisimama mbele ya tarumbeta kubwa na kupaza sauti ndani yake. Gitare lilikuwa dogo mno kwa mtambo huo, na ngoma nzito iliitetemesha sindano ya kuchonga. Kipaza sauti cha umeme kilipoingia studio mwaka huo, ghafla mtu aliweza kuimba kwa sauti ya chini, kama anayenong'ona na mke wake jikoni, na maelfu wakamsikia. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya pop, kubwa kuliko gitare la umeme. Wimbo uliacha kuwa jambo la uwanjani ukawa siri ya watu wawili. Bila kipaza sauti, gitare moja la mbao lisingesafiri kutoka Katanga hadi popote.

Sasa mshahara. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville. Mwanzoni wachimbaji walikuja kwa miezi michache na kurudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mpango: mikataba ya miaka mitatu, na mfanyakazi akaruhusiwa kuishi kambini na mke na watoto. Walitoka Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Lugha iliyowakutanisha kambini ni Kiswahili. Hebu fikiria hali hiyo: maelfu ya familia, hakuna kijiji kinachowaunganisha, hakuna ngoma moja wanayoijua wote, na mwisho wa mwezi kuna fedha. Hao ndio wasikilizaji wa pop, Katanga kama Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani. Huko Detroit, Berry Gordy aliyeanzisha kampuni ya santuri ya Motown mwaka 1959 alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha magari. Shaba huku, magari kule, na Jumamosi jioni ni ileile.

Santuri zilifika kwa reli na kwa meli. Kuanzia 1933 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika mfululizo ulioandikwa GV, uliojaa muziki wa Cuba, na ndiyo mbegu ya rumba yetu. Kutoka Marekani zilikuja santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa gitare aliyekufa mwaka huohuo wa 1933. Kule Kenya Wakipsigis walilitamka jina lake Chemirocha, wakamtungia nyimbo zao wenyewe. Wengine husimulia jambo hilo kwa kucheka. Sioni cha kuchekesha: watu walisikia sauti ya mgeni, wakamtafutia nafasi katika nyimbo zao, kama anavyopewa kiti mtu aliyefika mlangoni.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Hapo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Kipande chake kinachoitwa Masanga kilisambaa duniani, na mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Zingatieni miaka: Elvis Presley alitoa santuri yake ya kwanza huko Memphis mwaka 1954. Mtu wa Katanga mwenye gitare moja, wimbo wa dakika tatu na lugha ya mjini alikuwa ameshamtangulia kwa miaka miwili.

Anayetaka kuelewa muziki huo ni heri aushike kwa vidole. Mkono wa kulia hutumia vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada. Gumba linatawala nyuzi za 6, 5 na 4, cha shahada kinatawala 3, 2 na 1. Anza na kodi ya C, yaani kundi la noti zinazoendana: gumba kwenye uzi wa 5 freti (kipande cha chuma shingoni) ya 3, kisha uzi wa 4 freti ya 2, kwa zamu, bila kukoma. Ukienda F, gumba linatoka uzi wa 4 freti ya 3 hadi uzi wa 3 freti ya 2. Hapo tu ndipo linapovuka mpaka wake. Ukienda G, ni uzi wa 6 freti ya 3, kisha uzi wa 4 ulio wazi. Piga gumba peke yake, mapigo 80 kwa dakika, dakika tano nzima. Ndipo uongeze noti moja ya kidole cha shahada, nayo iangukie katikati ya mapigo mawili ya gumba, isiangukie juu yake.

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni gumba kukimbia mara tu kidole cha pili kinapoingia. Dawa yake ni kurudi kwenye gumba peke yake, hata mara kumi. Kosa la pili ni kuita kidole cha kati kije kusaidia. Noti zinaongezeka, lakini pengo linapotea, na pengo ndilo linalomfanya msikilizaji adhani anasikia magitare mawili. La tatu ni kibano cha shingoni. Wazee walikaza kalamu ya risasi juu ya nyuzi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili wapandishe sauti bila kubadili vidole. Kinafanya kazi vizuri, ila kalamu ikilala mshazari, nyuzi za upande mmoja zinavutika kuliko za upande mwingine na gitare zima linaachana. Iwekwe sambamba na freti, karibu nayo kabisa, na mpira uzungushwe mara mbili kabla ya kufungwa. Kalamu ya mviringo huteleza; yenye pembe sita hutulia.

Mwenda hakuwa peke yake. Losta Abelo na Édouard Masengo walitoka katika udongo huohuo, na Masengo alipitia Jecoke, kundi la vijana wachekeshaji na waimbaji wa komini ya Kenya, ambayo si nchi bali mtaa wa hapa hapa mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda na Masengo walifika Nairobi, wakapiga redioni na kuimba hata matangazo ya biashara. Nyimbo zao zilieleweka bila mkalimani. Huko zilikutana na wapiga gitare wa magharibi mwa Kenya, ambako George Mukabi alikuwa na omutibo wake, mtindo wa gitare ambao mapigo yake hushikiliwa na chupa ya soda inayogongwa. Mkiuliza pop imebadilisha nini kwetu, mimi nitataja hili mbele ya mavazi na nywele: ilikifanya Kiswahili cha kambi ya shaba kisikilizwe kwa hamu na mtu wa Nairobi, wakati ambapo watawala walikiona ni lugha ya kuamrishia kazi.

Kisha Lingala, lugha ya muziki wa Kinshasa, ikashinda. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956, zote Kinshasa, zikiwa na magitare ya umeme, saksafoni na studio jirani. Gitare moja la mbao lisingeweza kuijaza baa ya Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, dhidi ya orkestre ya watu kumi. Rumba ni nzuri, na UNESCO iliiandika katika orodha yake mwaka 2021 kwa haki kabisa. Lakini inauma kuona kijana wa Katuba, mtaa wetu mwingine, anayeweza kutaja wapiga solo wote wa Kinshasa na hajawahi kusikia jina la Losta Abelo.

Mashine iliendelea kukata nguo kwa kipimo chake. Santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyotolewa Marekani mwaka 1949, nayo ilibeba dakika chache kila upande. Rumba ilipoanza kurefuka, wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, sebene, yaani sehemu ya magitare ya kuchezea, upande wa pili. Mchezaji alilazimika kusubiri santuri igeuzwe ndipo acheze sana. Kaseti ya Philips ya mwaka 1963, ilipoenea kwetu baadaye, iliondoa kikwazo hicho, na sebene ikajitanua kwa dakika kumi bila kuomba ruhusa.

Wasiokuwa na fedha za vyombo hawakusubiri. Karindula, ambayo bado inapigwa mitaani hapa, ni pipa au debe kubwa lililowambwa ngozi ya mbuzi, na nyuzi nne juu ya mti mrefu. Ngozi ikinyeshewa inalegea na besi inakuwa matope. Basi inapashwa karibu na moto mpaka iite tena. Kwangu hiyo ni pop kamili: ni ya mjini, ni ya kuchezea, na maneno yake ni ya juma hili.

Neno la mwisho ni kwa wenye santuri za babu zilizolala ndani ya masanduku, Kamalondo, Katuba au Likasi. Msizisafishe kwa spiriti wala pombe yoyote. Zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu, na pombe huiyeyusha. Tumieni maji yaliyochujwa yenye tone moja la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, mkifuata mzunguko wa mfereji, na lebo ya katikati isilowe. Msizipige kwa sindano ya santuri za kisasa: ncha yake ina nusu kipenyo cha mikroni 25 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati mfereji wa zamani unataka karibu 75, kwa hiyo inazama chini kabisa na kukwaruza uchafu wa miaka sabini. Kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja, maana ikisha kuchongoka vibaya inageuka patasi.

Kama mashine yenu inafika 45 tu, pigeni kwa 45, ingizeni kwenye kompyuta, kisha ongezeni kasi kwa asilimia 73.3. Hifadhini faili isiyobanwa kwanza, ile ya simu itengenezwe baadaye. Halafu andikeni kila kilichopo kwenye lebo, pamoja na namba iliyochongwa kwenye sehemu laini kati ya mfereji na karatasi, kwa sababu karatasi ikishabanduka, mara nyingi ni namba hiyo tu inayoweza kutuambia nani anaimba.

Msomaji wenu, Lubumbashi