Usimtie kipepeo kwenye friji

Barua za safari hii, zote za kupiga picha wadudu na maua, nimezisomea bustanini, nyuma ya nyumba hapa Isevya, Tabora. Mvua imenyesha usiku kucha na bamia zimeanza kutoa maua. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zote kwa sababu jambo lake nimelibeba moyoni miaka mingi.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Nzega. Nimeanza kupiga picha za vipepeo kwenye mlimao wa nyumbani, lakini hawatulii. Kijana mmoja wa studio ameniambia wapiga picha wakubwa huwatia wadudu kwenye friji dakika kumi, wakitoka hawawezi kuruka. Je, ni kweli? Na ni sawa?*

Marahaba, mwalimu. Kwamba wapo wanaofanya hivyo, ni kweli. Mdudu hategemei joto la mwili wake kama sisi, hutegemea jua. Baridi ikimshika, misuli ya mabawa inagoma. Kwamba ni sawa, nakataa, na nakataa nikiwa nimewahi kulifanya.

Nilikuwa na studio ya picha za pasipoti, na duka la jirani lilikuwa na friji ya soda. Nikamkamata kipepeo, nikamtia kwenye kopo la plastiki, nikaliweka kopo katikati ya chupa. Alipotoka nilimweka juu ya waridi, akakaa. Picha ilitoka kali, unahesabu magamba ya bawa moja moja. Niliikuza nikaitundika ukutani. Siku moja akaja mzee mfugaji nyuki kutoka Sikonge, anataka pasipoti. Akaitazama ile picha, akauliza, "Huyu mbona amekufa?" Nikamwambia alikuwa hai. Akasema, "Kipepeo hakai hivyo. Tazama miguu." Nikatazama. Miguu ilikuwa imejikunja tumboni, hakuna hata mmoja ulioshika petali. Alikuwa amelazwa pale kama kitu. Nami nilijua zaidi ya yule mzee, maana jioni ya siku ile ya picha nilimkuta kipepeo wangu chini ya waridi, sisimizi wanamvuta. Picha niliishusha.

Sasa wewe una mlimao, mwalimu, na mlimao unakupa kipepeo aliyetulia bila kumdhulumu. Tazama majani machanga. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, asiye na mikia nyuma ya mabawa, ndiye anayetaga hapo, yai moja moja, dogo kama kichwa cha pini. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege wanampita. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo kwa ncha ya jani, atatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali; hiyo peke yake ni picha. Mguse mara moja tu, basi.

Kisha anajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni, anakuwa bundo. Hapo subira yako ndiyo lenzi. Pita kila asubuhi, wiki mbili au zaidi. Siku utakapoona bundo limekuwa jeusi na madoa ya mabawa yanaonekana kwa ndani, jua amekaribia. Mara nyingi hutoka asubuhi. Mabawa yanatoka yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, anayajaza taratibu, halafu ananing'inia saa nzima au zaidi akisubiri yakauke. Katika saa hiyo hawezi kukukimbia, lakini miguu yake imeshika kijiti barabara. Weka kamera kwenye stendi, kaa, piga. Usimpulizie, usimsogeze, bawa likikauka limepinda halitanyooka tena. Wanafunzi wako waite waone. Ila kama mlimao wenyewe ni mche mchanga, viwavi wengi wanaweza kuubakiza vijiti. Wachache wahamishie kwenye mti mkubwa.

Na ukitaka baridi, subiri Juni na Julai. Alfajiri za hapa kwetu zina ubaridi wa kutosha, utamkuta kerengende amelala kwenye jani la nyasi, umande umemjaa machoni. Pale amelala mahali alipochagua mwenyewe.

*Fundi, simu yangu ina kamera ya picha za karibu lakini kila ua linatoka na ukungu. Niko kidato cha tatu, sina pesa ya kamera.*

Mwanangu, hiyo kamera ya karibu iache. Katika simu nyingi za bei nafuu ina megapikseli 2 tu, na fokasi yake, yaani umbali inaoona kwa ukali, haisogei, imefungwa karibu sentimita 4. Tumia kamera kuu. Kosa ni kusogea mno. Kamera kuu nyingi hazioni vizuri chini ya sentimita 10. Rudi nyuma kiasi cha shibiri moja, vuta mara mbili, kisha bonyeza kidole kwenye ua ukishikilie mpaka fokasi ijifunge. Kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa cha pamba, maana mafuta ya mfukoni ndiyo ukungu wa picha nyingi ninazoletewa. Upepo ukisumbua, choma kijiti ardhini ukabane shina la ua kwa kibanio cha nguo, chini, kisionekane.

*Nina kamera ya zamani na lenzi ya milimita 50. Lenzi ya wadudu imenishinda bei. Nifanyeje? (Msomaji wa Ujiji, Kigoma)*

Tafuta pete za kurefushia lenzi. Ni pete tupu zisizo na kioo ndani, unazifunga kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi yako ya 50 inakupa nusu ya ukubwa halisi, yaani nyuki wa milimita 12 atachukua milimita 6 kwenye sensori, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Ukifunga pete za milimita 50 unampata kwa ukubwa wake kamili. Gharama utakayolipa ni mwanga, na kina cha fokasi. Kwa ukubwa kamili na apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ya 8, kwenye kamera ya sensori kubwa, sehemu iliyo kali ni kama milimita moja tu. Ukipata macho, mgongo umepotea. Basi chagua macho kila mara. Wala usihangaike kuzungusha lenzi. Funga fokasi, halafu yumbisha mwili wako mbele na nyuma polepole, ubonyeze macho yanapong'aa. Au zunguka umpige ubavuni, mwili wote ulingane na kioo.

*Mwangaluka, fundi. Nafuga nyuki Urambo, nataka picha za nyuki wangu wakiingia mzingani. Nikisogea wanaishambulia kamera.*

Mwangaluka, ndugu yangu. Nyuki huandama kitu cheusi, na kamera ni nyeusi. Ivishe kitambaa cheupe, acha lenzi tu. Kaa ubavuni mwa mzinga, usizibe njia yao mbele ya mlango. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ondoka: nyuki ameshachoma mahali na harufu hiyo inawaita wenzake. Lakini ushauri wangu hasa ni uache mlango wa mzinga, ukawapigie kwenye maua, au pale wanapokunywa, penye mchanga uliolowa chini ya bomba. Huko hawana watoto wala asali ya kulinda, utawasogelea hata shibiri moja. Akiwa hewani, anza na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Mabawa bado yatafifia, maana anayapiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Mimi naupenda ufifio huo, unaonyesha anaruka.

*Nikitoka kazini maua ya maboga yote yamefumba. Yanaumwa?*

Hapana, mama. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla jua halijapanda sana, na likishafumba halifunguki tena. La kesho ni jingine, nalo unaweza kulitambua leo jioni: kitumba kirefu ambacho ncha yake imeshaanza kuwa na rangi ya chungwa. Liwekee alama ya uzi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umepiga magoti mbele yake, na utazame ndani kabla ya kubonyeza, maana mara nyingi nyuki ameshafika, mgongo wote umejaa chavua.