Arbanasi inafaa kwa siku moja?
Mkuu, umeuliza kama ukiwa Veliko Tarnovo, ule mji wa Bulgaria, inafaa kutenga siku kwenda kijiji cha Arbanasi. Nenda. Ni kama kilomita 4 tu, teksi inapanda kilima mara moja umefika.

Anza na kanisa la Kuzaliwa kwa Kristo. Nje lisikukatishe tamaa: ni fupi, halina kuba wala mnara wa kengele, utadhani ghala la nafaka. Watawala enzi hizo walikuwa Waothmani, Waislamu wa Uturuki, na kanisa halikutakiwa kujitutumua. Sasa ingia ndani! Kuta na dari zimejaa watakatifu waliochorwa karne ya 16 na 17, mpaka shingo inauma kwa kutazama juu. Tafuta lile gurudumu la maisha, mchoro wa duara unaoonyesha hatua za maisha ya mtu. Mimi hapo ningekaa saa nzima.

Halafu nyumba ya zamani ya familia ya Konstantsaliev, sasa makumbusho: chini mawe matupu na lango zito kama ngome, juu mbao na vyumba vya kitajiri. Nyumba nyingine zitazame kwa nje tu, zinatosha.

Ah, na ukimuuliza mlinzi kama pako wazi akatikisa kichwa huku na huku, usigeuke ukarudi. Kwa Wabulgaria hiyo ina maana ya "ndiyo".